Nani Aligusa Mwisho

Kijiti cha kupimia oili kilitoka kikiwa na rangi ya chai ya maziwa. Ilikuwa Jumapili asubuhi, mwezi wa saba, ile baridi ya Arusha inayomfanya mtu avae koti juu ya sweta, na Meru ulikuwa umejifunika wingu tangu Alhamisi. Nikakifuta kijiti kwa kitambaa, nikakirudisha, nikakitoa tena. Chai ya maziwa. Siku moja tu kabla, injini hiyo hiyo ilikuwa imewaka kwa mara ya kwanza baada ya kukaa chini miezi minne, na majirani zetu hapa Ilboru walikuja getini wakapiga makofi.

Anayejua magari ameshaelewa. Kwa asiyejua: ndani ya injini maji yana njia zake na oili ina njia zake, na hawatakiwi kukutana. Wakikutana, oili inapoteza utelezi, beringi zinasagika, na pesa zote ulizomwaga zinageuka kuwa chuma chakavu. Mafundi wana neno moja tu kwa ugonjwa huo. Wanasema injini "inachanganya".

Gari lenyewe ni Peugeot 404 la marehemu baba. Alilinunua mwaka 1978, tayari limetumika, lakini mapenzi yalianza zamani kidogo. Pasaka ya 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, alikuwa kijana mwenye sikio lake redioni akifuatilia mbio za East African Safari. 404 ilikuwa imeshinda 1963 na 1966. Ikashinda 1967, na mwaka uliofuata ikashinda tena. Ushindi wa 1966 na wa 1967 dereva alikuwa Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapa hapa Tanzania, na baba alimtaja mpaka uzeeni kama mtu anayemtaja mtoto wa shangazi yake.

Baba alifariki, gari likabaki bandani chini ya turubai. Mama akasema maneno mafupi: ama litembee, ama waje wanaonunua chuma. Alitaka kwenda nalo Nkoaranga, alikozikwa baba, kwenye kumbukumbu ya mwezi wa tisa. Akanipa laki nane za kuanzia, pesa zake za kahawa. Nikamwita fundi.

Fundi ni yule yule wa baba. Walijuana vizuri miaka ya mpaka kufungwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, haukufunguliwa hadi 1983. Vipuri vya Peugeot vilikuwa Nairobi, na Nairobi ghafla ikawa mbali kuliko Ulaya. Miaka hiyo mzee alikata gasketi kwa makaratasi ya maboksi, na 404 ikatembea. Sasa ana miaka sabini na kitu. Miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Akitaka kusoma namba kwenye kipuri, anakisogeza mpaka karibu na pua.

Jumapili ile alikuja baada ya ibada, bado ana tai shingoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Inachanganya?"

"Inachanganya."

Hakusema kitu. Alinusa kijiti, akasugua ile oili kati ya vidole viwili, akafungua mfuniko wa juu akaangalia utandu mweupe chini yake. "Huu wa kwenye mfuniko peke yake usikutishe," akasema. "Baridi kama hii, injini ikiwashwa kidogo na kuzimwa, huwa inatoa jasho. Ila hii ya kwenye kijiti si jasho. Tuiache ilale."

Ikalala. Asubuhi akalegeza bolti ya chini ya sampo polepole, robo kwa robo. Kilichotoka kwanza ni maji, meupe kabisa, kama vikombe viwili. Kisha ndiyo ikafuata oili, nzito, imeharibika rangi. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo injini ikitulia yanashuka chini na kujisema yenyewe.

Akatia oili ya bei rahisi ya kupimia tu, akawasha kwa muda mfupi. Rejeta iko wazi: hakuna mapovu. Bomba la moshi: hakuna moshi mweupe. Akapima kompresheni, silinda zote nne zinakaribiana. Kwa hiyo mshukiwa wa kwanza wa kila gereji, gasketi ya hedi, akawa hana kesi nzito. Jioni akajaza rejeta mpaka mdomoni, akaweka alama, akazima kila kitu akaenda zake. Kesho yake maji yalikuwa yameshuka, na injini haikuwa imewashwa hata sekunde moja.

"Unaona," akasema. "Maji hayasukumwi. Yanaanguka yenyewe."

Mimi nilikuwa siyaoni hayo. Moyoni nilishatoa hukumu tangu Jumapili: macho ya mzee. Na si moyoni tu. Jumatatu jioni nilipita kijiweni kwa muuza kahawa, wakaniuliza habari za gari, nikasema, na hapa naandika maneno yangu kama yalivyokuwa, "Mzee amechoka, haoni tena. Tumpumzishe jamani." Watu wakacheka kwa huruma. Mmoja wao ana Land Rover ya zamani, na alikuwa amekubaliana na mzee aishushe injini yake mwezi unaofuata. Yeye hakucheka. Alisikiliza tu.

Jumatano tukafunga miti mitatu juu ya gari kama mafiga yaliyosimama, tukaning'iniza cheni, tukaitoa injini tena. Mzee akafungua sampo. Akaingiza maji kwa mpira kupitia tundu la juu, akalala chali juu ya gunia na tochi mdomoni. Alikaa huko chini muda mrefu. Kisha akaniita.

Hapa lazima nieleze kidogo. Katika injini nyingi, tundu ambamo pistoni inapanda na kushuka limechongwa ndani ya chuma chenyewe cha injini. Ya 404 si hivyo. Ina slivu nne, mabomba manne yanayochomekwa na yanayoweza kutolewa, na maji ya kupooza yanazizunguka slivu hizo kwa nje, yanazigusa. Chini ya kila slivu kuna gasketi nyembamba, na kazi yake ni moja tu: kuzuia maji yasiteremke kwenye sampo. Inabanwa na uzito wa hedi ikishakazwa juu. Hedi ikiwa haipo, slivu zimekaa tu, kama glasi kwenye trei.

Nikalala naye chini ya injini. Tone likatoka pembeni ya slivu namba tatu, likaning'inia, likaanguka. Jingine. Namba nne nayo ilikuwa imelowa.

Mzee akakaa, akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Hizi niliziweka mwenyewe," akasema. "Gasketi zilikuwa mpya. Nikazibana kwa bolti zisisogee." Akanyamaza. Halafu akasema, kwa sauti ya chini sana, "Labda ni haya macho. Nitairudia, mwanangu. Kazi sitakudai."

Nikasema, "Asante mzee."

Ndivyo nilivyosema. Nikapokea.

Ninyi mnaosoma hapa mnajua kazi yangu: nasoma vitabu na kusema vilipokosea. Nyumbani nina kitabu cha ufundi cha 404, cha Kiingereza, kurasa zake zina alama za vidole vya baba vya grisi. Nilikuwa nimekisoma kama nisomavyo utangulizi wa riwaya nisiyoipenda, kwa kurukaruka. Usiku ule nilikichukua, nikiri, ili nipate ushahidi. Nilitaka ukurasa unaoonyesha mzee alipokosea, niuweke akilini, basi.

Ukurasa niliupata. Unasema kwamba hedi ikiwa imetolewa, slivu zibanwe, na krenki isizungushwe zikiwa hazijabanwa, kwa sababu pistoni ikipanda inaweza kuiinua slivu na kuiharibu gasketi ya chini.

Nilisoma mara mbili, na mara ya pili nikaona banda letu, Jumamosi moja ya mwezi wa sita. Mzee alikuwa ameshapanga krenki, pistoni na slivu, amefunga sampo, hedi imeenda mjini kusawazishwa. Kabla ya kuondoka alisema, "Usiguse kitu mpaka nirudi Jumatatu." Akaenda. Binti yangu, ana miaka tisa, akaja kuuliza pistoni ni nini. Juu ya injini kulikuwa na bolti na vipande vya chuma vilivyozibana slivu. Mimi nilidhani mzee amezifunga pale ili zisipotee. Nikazifungua ili mtoto aone vizuri. Nikaweka spana kwenye puli ya mbele nikaizungusha krenki: mbili zikapanda, mbili zikashuka. Mtoto akafurahi, akasema "tena". Nikazungusha tena. Kisha nikarudisha bolti zote kama zilivyokuwa, safi kabisa, maana mimi ni mtu wa mpangilio.

Nilikaa jikoni mpaka saa nane usiku. Nitasema ukweli kuhusu saa zile. Sikuwaza mara moja kwenda kuungama. Niliwaza kwanza kwamba hakuna anayejua. Mzee ameshajilaumu, kazi itarudiwa bure, mama atafika Nkoaranga. Kila mtu atapata anachotaka. Kilichonisumbua ni ile picha yake akifuta miwani. Mtu aliyeshika spana miaka hamsini alikuwa ameanza kuamini kwamba mikono yake inamdanganya, na aliyemfikisha hapo ni mimi.

Asubuhi nikapanda bodaboda mpaka kwake Sakina. Nilimkuta anakunywa uji. Nikamweleza yote, nimesimama, bila kukaa kwenye kigoda alichonisogezea.

Hakukasirika. Aliuliza, "Ulizungusha mara ngapi?"

"Mara tatu. Nne labda."

"Namba moja na mbili zimeponea wapi basi?" Akajiuliza mwenyewe, akatikisa kichwa, akanywa uji. Nikaona mabega yake yameshuka, kama ya mtu aliyetua gunia. Akainua mkono wa kulia, akautazama nje na ndani.

"Kwa hiyo ziliwekwa sawa," akasema.

"Ziliwekwa sawa, mzee."

"Haya. Ile ya bure nimeifuta. Utanilipa kazi yote, na siku ya leo pia."

"Sawa, mzee."

"Na kule kijiweni nasikia ulisema maneno."

Hapo ndipo niliposhindwa kumtazama. Arusha inaitwa jiji, lakini kwa maneno ya kijiweni bado ni kijiji.

Jioni nikaenda kwa muuza kahawa, nikasubiri wajae, nikasema tena, safari hii kwa ukamilifu: bolti, mtoto, spana, kila kitu. Chalii mmoja akacheka mpaka kahawa ikamwagika. "Yaani ulimfundisha mtoto kuua injini!" Nikakubali. Mwenye Land Rover alikuwepo. Akasema pole, lakini gari alishalipeleka kwingine Jumanne na injini ilikuwa imeshafunguliwa. Kazi ile mzee hakuipata, na hata leo hajaipata nyingine ya ukubwa ule. Nimeandika makala haya kwa ruhusa yake, nikijua hayairudishi.

Gasketi mpya zilitoka Kirinyaga Road, Nairobi, zikaja na shato kupitia Namanga ndani ya bahasha. Mzee aliziweka akiwa amepiga magoti, pua karibu iguse chuma. Alipima kila slivu imetokeza kiasi gani juu ya bloku, kwa rula ya chuma na fila geji, akirudia kila kipimo mara mbili. Mara hii alinieleza kila hatua kabla ya kuifanya. Nikamuuliza kwa nini zamani hakunieleza. Akasema, "Hukuuliza. Na mimi nilizoea baba yako. Yeye nikisema usiguse, hagusi." Binti yangu alikaa juu ya ndoo akiangalia, mikono mfukoni. Alikuwa ameamriwa na bibi yake.

Ikawaka. Ikalala. Kijiti kikatoka na rangi ya asali.

Mwezi wa tisa tulikwenda Nkoaranga. Mama mbele, mimi usukanini, mzee na binti yangu nyuma. Tulipoiacha barabara kuu na kuanza kupanda, mzee akasema nisimame. Nikazima. Nikatoka, nikafungua boneti, nikavuta kijiti, nikakiangalia kwenye jua. Yeye akakiangalia, akampa mtoto naye akakiangalia.

"Mnaangalia nini muda wote huo?" mama akauliza kupitia dirishani.

"Oili, mama."

"Ina nini?"

"Haina kitu."

"Basi twendeni, maua yananyauka."