Waliuza kiwanja ili Mwalimu ale kidogo

Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi, ukoo wa mumewe hukusanyika kwa mama mkwe, Ngamiani, jijini Tanga. Sinia hutandikwa ukumbini: wali wa nazi, samaki wa kupaka, mchicha na pilipili. Ijumaa moja, miezi miwili baada ya kutoka hospitali, Mwalimu aliketi na mawifi zake, akala matonge manne na kipande cha changu, akanawa mikono.

Mama mkwe alilitazama sinia, kisha akamtazama mkwewe.

"Mwanangu, chakula changu kimekushinda, au kuna jambo nimekukosea?"

Ukumbi ulinyamaza. Mwalimu hakuwa na jibu la kutoa mbele ya watu wote. Walioijua siri yake walikuwa wawili tu: mumewe, na binti wa mama yake mkubwa anayeishi Maskat. Wengine waliambiwa alikwenda Dar es Salaam kwa uchunguzi. Hawakujua kwamba sehemu ya tumbo lake inayopokea chakula ilikuwa imebakizwa ukubwa wa yai la kuku.

Kidole kilekile

Mwalimu sasa ana miaka 46 na anafundisha darasa la tatu katika shule ya msingi. Sukari aligundulika nayo akiwa na miaka 32, muda mfupi baada ya kujifungua mtoto wa pili. Alianza na kidonge kimoja, vikawa viwili, vikawa vinne. Mwisho akaingia kwenye sindano za insulini, asubuhi na jioni, chupa ikikaa kwenye friji kando ya maziwa ya watoto.

Insulini ilimsaidia, lakini kila dozi ilipopandishwa, uzito nao ulipanda. Alipofika miaka 43 alikuwa na kilo 118, na urefu wake ni mita 1.62. Alikuwa na presha, ini lilikuwa na mafuta, na usiku alikoroma mpaka pumzi inakatika, mumewe anamtikisa ili avute hewa.

Mtaani hakuna aliyeuona ugonjwa. Waliona neema. Mumewe alisifiwa barazani kwa kumtunza mke. Kwenye harusi Mwalimu aliwekewa minofu, maana mwanamke wa umbo lile haiwezekani apewe mifupa.

Yeye alikuwa anaona jambo jingine. Mama yake mzazi naye alikuwa na sukari. Kiatu kilimchubua kidole kidogo cha mguu wa kushoto, kidonda kikagoma kupona. Kilikatwa kidole, ukafuata unyayo, kisha mguu chini ya goti. Miaka miwili baadaye alifariki dunia. Aliyekuwa akimwosha kidonda kila asubuhi kabla ya kwenda kufundisha ni Mwalimu.

Kwa hiyo siku viatu vipya vilipomtoa lengelenge kwenye kidole kidogo cha mguu, na kidonda kikachukua wiki kumi kufunga, hakuhitaji mtu wa kumweleza anakoelekea.

"Si ule kidogo tu?"

Habari ya upasuaji aliisikia kwa simu kutoka Maskat. Nchi za Ghuba zina watu wengi wanene na wenye sukari, na huko kupunguza tumbo si jambo la kushangaza. Dada yake huyo alikuwa amekwishafanyiwa. "Mimi sindano nimeziacha," alimwambia. "Lakini usije ukadhani ni mchezo. Nenda kamuulize daktari wako."

Daktari wa kliniki hakucheka. Alimwandikia barua ya kwenda kwa bingwa Dar es Salaam. Kilichobaki ni fedha. Bima ilijibu kwamba kupunguza unene ni urembo, hailipii. Gharama ilizidi mshahara wake wa mwaka mzima. Kitu pekee walichoweza kuuza kilikuwa kiwanja chao cha Pongwe, walichokilipia kidogo kidogo kwa miaka sita ili siku moja waache kupanga.

Mumewe, karani mwenye tabia ya kuandika kila shilingi, alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali ambalo lilimuuma Mwalimu kuliko sindano zote alizowahi kujidunga.

"Mama Watoto, niuze kiwanja ili ule kidogo? Si ule kidogo tu?"

Siku tatu hawakusemeshana zaidi ya salamu. Si kwamba Mwalimu hakuwahi kujaribu. Mwaka mmoja aliacha wali, akatembea kila alfajiri, akapungua kilo 14. Mwaka uliofuata zilirudi 19. Kila mara lawama aliibeba mwenyewe: hana msimamo, anapenda kula.

Siku ya nne mumewe alisema, "Twende wote kwa huyo bingwa. Nataka kumsikia kwa masikio yangu."

Bingwa aliwachorea tumbo kwenye karatasi. Aliwaambia kwamba mtu mnene anapopungua, mwili huona kama njaa imeingia: homoni za njaa hupanda na matumizi ya nguvu hushuka, mpaka uzito urudi. Ndiyo maana wengi hushindwa, na si kwa uvivu.

Kisha akaeleza upasuaji wenyewe. Aina moja ni kuondoa karibu robo tatu ya tumbo au zaidi, likabaki bomba jembamba mfano wa ndizi. Aina ya pili, ambayo aliona inamfaa Mwalimu kwa sababu ya sukari yake, ni kutenga kifuko kidogo juu ya tumbo na kukiunganisha na utumbo mwembamba kwa chini zaidi, chakula kikapita njia ya mkato.

"Faida si kwamba anakula kidogo tu," alisema. "Chakula kikifika mapema huko chini, utumbo hutoa homoni zinazoisukuma kongosho itoe insulini, na zinazouambia ubongo kwamba inatosha. Wagonjwa wengi sukari yao huanza kushuka ndani ya siku chache, kabla hata uzito haujapungua."

Karani akataka tarakimu. Daktari akampa. Mwaka 1995, mpasuaji wa Marekani, Walter Pories, alichapisha matokeo ya wagonjwa 608 waliofanyiwa upasuaji wa aina hiyo. Kati yao 146 walikuwa na kisukari, na 121 sukari yao ilirudi kawaida. Mwaka 2016 jumuiya 45 za madaktari na wataalamu wa kisukari ziliunga mkono kwa pamoja upasuaji huu uwe sehemu ya tiba ya kisukari cha aina ya pili kwa wanaostahili.

"Na nani anastahili?"

Gawa kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, alisema daktari. Miongozo ya kimataifa ya 2022 inapendekeza upasuaji kwa mwenye 35 na kuendelea, na inasema unaweza kufikiriwa kuanzia 30 kwa mwenye maradhi kama kisukari. Mwalimu alikuwa na 45.

"Na wangapi hufa?"

Mwalimu alimkanyaga mumewe mguu chini ya meza, lakini daktari alifurahi kuulizwa. Hatari zipo, alisema: kuvuja pale paliposhonwa, kutokwa damu, damu kuganda miguuni ikapanda mapafuni. Kwenye hospitali zilizoizoea kazi hii, wanaofariki hawafiki mmoja kati ya mia. Akaongeza kwamba kiwanja kinaweza kununuliwa kingine, ila sukari ya miaka 11 tayari inakula macho na figo kimyakimya, na kadiri mtu anavyochelewa ndivyo kongosho inavyochoka na uwezekano wa sukari kurudi kawaida unavyopungua.

Basi la kurudi Tanga lilipofika Segera, mumewe alisema neno moja tu: "Tuuze."

Wiki mbili, kisha maisha yote

Kabla ya upasuaji Mwalimu aliwekwa kwenye mlo mwepesi wa wiki mbili ili ini lipungue ukubwa. Alipimwa moyo, akakutana na mtaalamu wa lishe na mshauri wa saikolojia. Upasuaji ulifanyika kwa matundu madogo tumboni, akiwa amelala kwa dawa ya usingizi. Kesho yake alisimamishwa atembee.

Siku ya tano muuguzi alipima sukari akaiona 6.8. Kabla ya hapo, hata akiwa na sindano, 12 ilikuwa siku nzuri. Akapima tena. Mwalimu akaomba kile kipimo akishike mwenyewe.

Yaliyofuata hayakuwa raha. Wiki mbili za mwanzo alikunywa vitu vya majimaji kwa kijiko, baadaye vyakula vilivyopondwa. Alifundishwa kuanza na samaki, yai au maharage, kisha mboga, wali au ugali mwisho kama nafasi imebaki, kutafuna sana, kutokunywa maji pamoja na chakula. Siku aliyojisahau akanywa juisi ya miwa, alitokwa jasho, moyo ukamwenda mbio, akakimbilia chooni. Mwezi wa nne nywele zilinyonyoka mpaka akawa hatoki bila mtandio mzito. Alikatazwa kupata mimba kwa mwaka mmoja na nusu. Na kuna vidonge vya vitamini, madini ya chuma na chokaa ambavyo atavimeza hadi siku ya kufa.

Kilichomuumiza zaidi kilitoka kwa watu. Alipopungua kilo 30, waliomsifia umbo walianza kunong'ona. Ofisi ya walimu ikawa inanyamaza akiingia. Mwanamke mmoja wa kikoba alimwuliza binti yake, mtoto wa darasa la sita, kama mama ameanza kutumia "dozi". Binti alirudi nyumbani akilia: "Mama, unakufa?"

Usiku ule Mwalimu alikubali kwamba siri yake imekuwa mzigo kwa mtoto. Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua. Jumamosi, kwenye kikao cha kikoba, aliomba nafasi kabla ya hesabu kuanza. Alieleza yote: sukari, mguu wa mama yake, kiwanja, upasuaji. Akaonyesha alama za matundu tumboni.

Wengine walicheka kwa mshangao. Mmoja akasema hiyo ni njia ya wavivu. Lakini baada ya kikao wanawake watatu walimfuata faragha wakitaka kupimwa sukari. Mmoja wao alikutwa na 17, na hakuwahi kujua.

Imelala, haijafa

Sasa imetimia miaka mitatu. Mwalimu ana kilo 79. Insulini ameiacha, presha inatulizwa na kidonge kimoja badala ya vitatu, na mumewe anapata usingizi usiku.

Lakini mwaka jana aliona kizunguzungu akiwa ubaoni, akakaa chini mbele ya wanafunzi. Alikuwa ameacha vidonge vya madini kwa miezi mitano, kwa kuwa alijiona mzima. Damu ilikuwa imepungua. Sukari nayo ilikuwa imeanza kupanda, maana taratibu alirudia chapati moja asubuhi, kaimati mbili jioni, vitu vinavyopita kirahisi hata kwenye tumbo dogo. Alirudishiwa kidonge kimoja cha sukari.

Alimwomba daktari msamaha kama mtoto aliyevunja kikombe. Daktari akamwambia hakuna cha kusamehe. Huko Sweden, ambako wagonjwa waliopasuliwa walifuatiliwa kwa miaka mingi, miaka miwili baada ya upasuaji takriban 7 kati ya 10 waliokuwa na kisukari hawakuwa nacho tena. Ilipofika miaka 15, ni 3 kati ya 10. Hata hivyo, waliopasuliwa walipata madhara machache ya macho, figo na neva kuliko wasiopasuliwa. "Sukari yako imelala, haijafa," alisema. "Kazi yako ni kutoiamsha, na ikiamka uje mapema."

Mumewe aliyaandika maneno hayo kwenye daftari lake la hesabu, chini ya bei ya kiwanja. Bado wanapanga. Wameanza kuweka akiba upya, na akiulizwa kama anajuta, hujibu kwamba anachojutia ni lile swali lake la "si ule kidogo tu", kwa sababu mkewe alikuwa amejaribu kwa miaka 11 na yeye alikuwa anakula naye meza moja bila kuona.

Na mama mkwe? Aliambiwa siku ileile Mwalimu alipoongea kikobani, kabla maneno ya mtaa hayajamfikia. Alikaa kimya kitambo. "Ungeniambia mapema, mwanangu, nisingekulaumu mbele za watu," alisema, akafuta macho kwa upindo wa kanga.

Siku hizi Ijumaa ya kwanza ya mwezi kuna kibakuli pembeni mwa sinia. Ndani yake mama mkwe huweka mnofu wa samaki na mchicha, na wali kijiko kimoja. Hamhimizi Mwalimu aongeze. Na tangu mwezi wa tatu mwaka huu, alipopimwa akakutwa sukari yake inakaribia mpaka, bibi huyo huandaa vibakuli viwili.