Mahame ya Bondeni

Tulihama bonde la mto Rufiji mwaka 1969, mwaka mmoja baada ya mafuriko makubwa kusomba mpunga wetu. Serikali ndiyo iliyotuhamisha, na kazi hiyo iliita Operesheni Rufiji. Vitu vilivuka kwa mtumbwi: vinu, kuku, majamvi, hata mlango, maana baba alikataa katakata kuuacha. Tukapewa kiwanja huko juu mchangani, upande wa Ikwiriri, nyumba zimepangwa mstari.

Maafisa walituonea huruma, hilo sikatai. Wao waliona maafa. Bibi yangu aliona mwaka mbaya tu. Alikuwa akisema maji mazuri hupanda polepole, mpunga nao ukirefuka juu yake. Mabaya huja mapema na kuuzamisha ungali mchanga. Lakini hata hayo mabaya yakishuka, karibu mwezi wa sita, huacha tope jipya, na kwenye tope hilo tulipanda mlau: mahindi, kunde, maboga, pamba. Hatukungoja mvua.

Mazao hayo yalitaka mlinzi mchana na usiku, ndiyo maana shambani tuliishi kwenye madungu, vibanda vya juu ya nguzo. Mchana sisi watoto tuliamia ndege. Usiku baba alipiga debe kufukuza nguruwe na viboko. Jirani akinyamaza muda mrefu, aliitwa kwa jina mpaka aitike.

Kijiji kipya kilikuwa na shule, na mimi nilijulia kusoma huko, kwa hiyo siwezi kulaani yote. Ila mchangani mpunga haukubali. Iliyokubali ni mihogo na mikorosho. Shamba likabaki bondeni, mlinzi analala huko juu mchangani. Nguruwe waliligundua hilo mapema kuliko wakubwa wa wilaya kule Utete. Haukupita muda watu wakaanza kurudi msimu wa mpunga, wakajenga madungu upya, wakidai wanalala shamba tu. Bibi "alilala shamba" miezi nenda miezi rudi. Afisa akimwulizia, tulijibu kwa adabu kwamba yuko njiani.

Nyumba zetu za zamani kule bondeni hazikusimama tena. Mto ulihama mkondo, ukala kipande cha makaburi. Miembe ipo, na ina wenyewe. Pita msimu wa maembe uokote moja, atachungulia mtu dunguni:

"Wewe wa nani?"

Ukitaja ukoo unaojulikana, utajaziwa kikapu. Ukibabaika, utalipia.