Mali Bila Daftari

Tunawaandikia kutoka Mtawanya, wilaya ya Kibiti, mkoa wa Pwani. Mwezi huu tunapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wanawake wengi hulisema jikoni na kisimani, lakini wakifika mkutanoni hulinyamazia. Jambo lenyewe ni michango isiyokwisha. Hatuna maana ya sadaka ya Jumapili, wala rambirambi ya msiba, ambayo kila mtu anajua inakwenda wapi. Tuna maana ya mchango ambao mtu huogopa kuukataa kwa sababu unaombwa kwa jina la usalama wa watoto wake, yaani mchango wa ulinzi.

Jinsi ulinzi ulivyoanza

Msomaji aliye mbali pengine atauliza kwa nini ulinzi uwe neno zito hivyo kwetu. Kati ya mwaka 2016 na katikati ya mwaka 2017, watu zaidi ya 30 waliuawa katika wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga, wengi wao kwa risasi. Waliolengwa hasa walikuwa viongozi wa vijiji na vitongoji, na askari polisi. Tarehe 13 Aprili 2017 askari 8 waliuawa kwa mara moja huko Mkengeni, katika wilaya yetu hii. Mwezi uliofuata pikipiki zilikatazwa kutembea kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi. Sisi wauguzi hatuwezi kuzisahau siku zile. Mama aliyeshikwa na uchungu baada ya magharibi alikuwa na mashaka mawili: mashaka ya kujifungua na mashaka ya njia.

Kwa hiyo hali ilipotulia, na wanaume wa kitongoji chetu wakaanza kulinda kwa zamu, hakuna mwanamke aliyelalamika. Tuliwapikia uji na chai, tukamshukuru Mungu. Wala ulinzi wa namna hiyo si mgeni nchini mwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu wa Usukuma na Unyamwezi, walipochoshwa na wezi wa ng'ombe, waliunda sungusungu, wakalinda vijiji vyao kwa pinde na mishale. Mwaka 1989 sheria ya mgambo ilirekebishwa ili vikundi kama hivyo vitambuliwe. Mwananchi kulinda jirani yake ni jambo jema, nasi hatulipingi.

Mwanzoni mchango ulikuwa shilingi 500 kwa mwezi kwa kila kaya, za betri za tochi na filimbi. Baadaye ukawa shilingi 1,000. Halafu ukaja mchango wa mabuti, ukafuata wa makoti ya mvua, ukafuata wa fulana zenye maandishi, ukafuata wa kumpokea mgeni. Kabla ule wa fulana haujakwisha kukusanywa, kijana mwenye kitabu alikuwa mlangoni na mwingine. Msimu wa korosho, Oktoba hadi Desemba, watu walitoa bila kunung'unika. Lakini masika yakiingia, fedha za korosho zimekwisha na ufuta ungali shambani. Wakati huo shilingi 1,000 ni mboga ya siku mbili.

Aliyeuliza mchango uliopita umefanya kazi gani hakupewa hesabu. Alijibiwa kwa swali: "Kwani mnataka ya 2017 yarudi?" Nani atalijibu swali hilo? Mama aliyelala na watoto chini ya kitanda mwaka ule hawezi. Atafungua pindo la khanga, atoe.

Hofu na nauli ya zahanati

Kazini kwetu tuliona matokeo yake. Wakati wa masika mama mmoja alimleta mtoto wa miaka 2 akiwa na homa ya siku ya tatu. Macho yalikwisha kuwa meupe kwa upungufu wa damu, na alikuwa amepata degedege njiani. Kipimo kilionyesha malaria. Tulimwanzishia dawa, tukampeleka hospitali kuongezewa damu, na kwa neema ya Mungu akapona. Akina mama mnajua tunavyowahimiza kliniki: mtoto wa chini ya miaka 5 akipata homa apimwe ndani ya saa 24, kwa sababu malaria kwa mtoto haingoji.

Tulimwuliza mama yule kwa upole kwa nini alichelewa. Akasema, "Sista, nauli ya bodaboda nilikuwa nayo tangu siku ya kwanza. Ila aliyekusanya ya ulinzi alipita asubuhi, nikaona aibu kumwambia sina na hali ninayo." Hakuna mtu aliyemlazimisha kwa fimbo. Aliona tu kwamba asipotoa ataitwa mtu asiyependa amani.

Yaliyowapata wanachama wa Marekani

Tulipolizungumza jambo hili katika jumuiya yetu, binti mmoja aliye chuoni, aliyekuja likizo, alitueleza habari iliyotushangaza. Huko Marekani kuna chama cha watetezi wa haki ya kumiliki bunduki, kiitwacho National Rifle Association. Kilianzishwa mwaka 1871 mjini New York kwa nia ya kuwafundisha watu kulenga shabaha. Mwaka 1977, katika mkutano wa mwaka mjini Cincinnati, wanachama waliwaondoa viongozi wao, na tangu hapo chama kikaelekeza nguvu zake hasa katika siasa za bunduki. Chenyewe kimekuwa kikisema kina wanachama wapatao milioni 5.

Kwetu Tanzania mambo ni tofauti. Bunduki humilikiwa kwa kibali, chini ya sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015, na walinzi wetu wana rungu na filimbi tu. Siasa za bunduki za Marekani tunawaachia wenyewe. Kilichotugusa ni malalamiko ya wanachama wenyewe, watu wanaokipenda chama chao. Mtu amelipa ada, lakini barua zinaendelea kuja na simu zinaendelea kulia: ongeza kidogo, lipia ada ya mwaka ujao mapema, tuma mchango wa dharura. Na karibu kila barua ina ujumbe mmoja: adui yuko mlangoni, usipotoa leo kesho utanyang'anywa bunduki yako. Mwaka huu adui yuko mlangoni, na mwaka ujao yuko pale pale.

Mwezi Agosti 2020 mwanasheria mkuu wa jimbo la New York, Letitia James, alikifungulia chama hicho kesi juu ya matumizi ya fedha. Mahakamani zilitajwa ndege za kukodi, safari za anasa na suti za bei kubwa. Kiongozi wake, Wayne LaPierre, aliyekiongoza tangu mwaka 1991, alitangaza kujiuzulu Januari 2024. Mwezi uliofuata jopo la raia waliosikiliza kesi hiyo lilimwona ametumia vibaya fedha za chama, na akatakiwa kurudisha zaidi ya dola milioni 4. Fedha hizo zilitoka kwa watu walioambiwa watoe haraka kwa sababu hatari iko karibu.

Bibi mmoja wa Kindengereko, jirani yetu aliyekuwa amekuja kututembelea siku hiyo, alisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Kumbe na Wazungu wana mwenye kitabu." Tulicheka, lakini neno lake lilikuwa kweli. Penye hofu watu hutoa upesi, na penye hofu watu hawaulizi. Kwa hiyo anayeomba kwa jina la hofu ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kuonyesha daftari, hata kama ni mtu mwaminifu.

Sanduku la Yehoyada

Biblia imelisema jambo hili waziwazi. Someni 2 Wafalme sura ya 12. Mfalme Yoashi aliagiza fedha za watu zitumike kutengeneza hekalu lililobomoka. Makuhani wakapokea fedha, lakini hata mwaka wa 23 wa utawala wake mahali palipobomoka palikuwa bado. Mfalme hakuwaambia watu waongeze mchango. Aliwazuia makuhani wasipokee tena. Kisha kuhani Yehoyada akatoboa tundu katika kifuniko cha sanduku, akaliweka karibu na madhabahu mahali ambapo kila aingiaye analiona. Lilipojaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walizihesabu fedha pamoja, zikapelekwa moja kwa moja kwa maseremala na waashi. Ndipo nyumba ikatengenezwa.

Mtume Paulo naye, alipokusanya mchango kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakusema, "Mimi ni mtume, niaminini." Katika 2 Wakorintho sura ya 8 tunasoma kwamba alimtuma Tito pamoja na ndugu mwingine aliyechaguliwa na makanisa, ili asiwepo wa kumlaumu. Ikiwa Paulo alijiwekea mashahidi, mweka hazina wa kitongoji ataona aibu gani?

Tulichofanya

Tulikwenda akina mama 11, Wakristo na Waislamu pamoja, kwa mzee anayeongoza kikundi. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akatupa mkeka tukakaa. Tukamwomba hesabu ya mwaka mzima isomwe mbele ya watu. Alikasirika. "Wanangu, mnatuita wezi?" Bibi yule yule akamjibu, "La hasha, kaka yangu. Mwizi hatumtafuti, tunatafuta hesabu."

Tulimkumbusha pia jambo ambalo wanakijiji wengi hawalijui. Kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, mwanamke kwa mwanamume, na hufanyika kila baada ya miezi 3. Pale ndipo mahali pa kusoma mapato na matumizi. Mwanamke haendi pale kupika chai tu.

Hesabu ilisomwa baada ya wiki 5. Hakukuwa na mwizi. Lakini kiasi kikubwa cha fedha kilikuwa kimekwenda kwenye posho, fulana na vyakula vya wageni. Tochi za doria zilikuwa 2, na moja haikuwa na betri. Watu walinyamaza kwa muda mrefu. Vitu ambavyo mchango ulianzishwa kwa ajili yake ndivyo vilivyokosekana.

Mkutano ukakubaliana hivi. Mchango utakuwa mmoja kwa mwaka, utakusanywa baada ya mauzo ya korosho. Wajane wazee na nyumba zenye mgonjwa hawatadaiwa. Watunza fedha watakuwa wawili, mmoja mwanamke, na kila atoaye atapewa stakabadhi. Mchango wa dharura utaombwa mkutanoni, si mlangoni.

Tungependa kuwaambia kwamba yote yamekuwa mazuri, lakini si hivyo. Posho ilipokoma vijana kadhaa waliacha doria. Zamani walinzi walipita kila usiku, sasa wanapita usiku 4 kwa wiki. Wako wanaotunung'unikia kisimani kwamba tumeuvunja ulinzi kwa maneno ya daftari, na mume wa mwenzetu mmoja alikaa siku kadhaa bila kusema naye. Hatuwalaumu. Aliyeyaona ya mwaka 2017 ana haki ya kuogopa. Usiku usio na doria sisi nasi tunasikiliza kila mlio wa mbwa. Hata hivyo, wale wanaolinda sasa wana tochi zinazowaka, na mama mwenye mtoto mgonjwa hatoi tena nauli ya zahanati mlangoni.

Neno kwa msomaji

Mama mpendwa, huenda kwenu si mchango wa ulinzi. Huenda ni wa shule, wa harusi, wa chama cha mazao, au hata wa kikundi chetu cha kanisani. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, nasi tusiache kutoa. Lakini kabla ya kufungua pindo uliza kwa heshima mambo manne. Fedha hii ni ya kazi gani? Ni nani walikubaliana? Iliyopita ilifanya nini? Na hesabu itasomwa lini? Kiongozi mwema hatachukia kuulizwa, maana maswali hayo yatamlinda hata yeye. Atakayekujibu kwa kukutisha, mwambie kwa upole kwamba utatoa siku hesabu itakaposomwa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika kikundi chetu cha wanawake kanisani tumeanza sisi wenyewe: kila Jumapili ya mwisho wa mwezi mhazini husimama na kusoma, hata kama kilichomo sandukuni ni shilingi 3,000 tu. Mungu awape ujasiri wa kuuliza, na moyo wa kutoa kwa furaha.