Gari la Moshi au Ndege? Jinsi ya Kusafiri Mbali katika Uhindi



Hapa kwetu Kongo, mtu anayetaka kwenda mbali mara nyingi hana la kuchagua. Kwa miaka mingi aliyetoka Bukavu kwenda Kinshasa alipanda ndege, kwani hakuna reli iunganishayo miji hiyo miwili, na barabara ni ndefu mno, tena mbovu. Katika Uhindi mambo ni mengine. Huko msafiri huona mbele yake njia mbili zilizo wazi, reli na ndege, naye yampasa kuamua mwenyewe. Siku hizi ndugu zetu wengi huenda Uhindi, hawa kutafuta matibabu, hawa kusoma katika vyuo vikuu. Kwa hiyo tumeona yafaa kuieleza habari hii, maana mtu akichagua pasipo kufikiri aweza kupoteza fedha, au nguvu za mgonjwa wake, kabla hajafika aendako.

Tuanze na majina. Wasemao Kihindi huliita gari la moshi «relgadi», yaani gari la reli, na neno letu «gari» asili yake ni huko huko kwao. Ndege huiita «havai jahaz», yaani jahazi la hewani. Basi msema Kiswahili afikapo Delhi mara ya kwanza si mgeni kabisa: vyombo viwili atakavyochagua kati yake vina majina ambayo masikio yake yaweza kuyatambua.

Reli ya Uhindi ni ya zamani. Gari la kwanza la abiria lilitoka Bombay, mji uitwao sasa Mumbai, tarehe 16 Aprili 1853, likaenda hata Thane, mwendo wa kilometa 34. Leo njia za reli zapita kilometa 68,000, stesheni zapita 7,000, na watu wapatao milioni 20 hupanda kila siku. Sisi twaendelea kusema «gari la moshi» kwa mazoea tu, kwa kuwa karibu njia zote pana za nchi ile zatumia umeme. Upana wa njia hizo ni milimeta 1,676, hali reli yetu ya Katanga ina milimeta 1,067. Ndiyo sababu mabehewa yao ni mapana, nayo yana nafasi ya vitanda vingi.

Ndege, kwa upande wake, ilikuwa kwa muda mrefu chombo cha matajiri. Tangu mwaka 2003 yalitokea makampuni yauzayo tikiti kwa bei nafuu, na walimu na wafanyabiashara wadogo wakaanza kuruka nao. Mwaka 2014 viwanja vilivyopokea ndege za abiria vilikuwa 74. Kufika mwaka 2024 vilikuwa vimepita 150.

Sasa tupige hesabu. Kutoka Delhi hata Chennai, katika kusini, ni kilometa 2,180 hivi kwa reli. Ndege huruka muda usiofika saa tatu. Gari la moshi liendalo upesi hutumia saa 33 hivi. Asiyefikiri atasema neno limekwisha. Lakini safari haianzi wakati ndege iondokapo ardhini. Yakupasa kufika uwanjani saa mbili mbele; mlangoni askari hamruhusu mtu kuingia bila tikiti na pasipoti; baada ya kushuka hungojea mizigo; kisha kuna njia ya mjini yenye msongamano. Uwanja wa Bengaluru, kwa mfano, u mbali na mji zaidi ya kilometa 30. Basi saa tatu zimekuwa saba au nane. Hata hivyo, kati ya Delhi na Chennai ndege bado yashinda sana kwa upesi.

Lakini angalia kati ya Delhi na Mumbai, kilometa 1,384. Magari ya upesi yaitwayo Rajdhani, ambayo ya kwanza yao ilianza mwaka 1969 kati ya New Delhi na Howrah karibu na Kolkata, huondoka jioni, nayo hufika asubuhi baada ya saa 16 hivi. Msafiri amekula, amelala, ameamka katikati ya mji, wala hakulipia kitanda cha hoteli usiku ule. Aliyeruka ametumia saa sita za mchana. Nani amepoteza siku? Ndipo tulipojifunza kipimo hiki: safari ambayo usiku mmoja waweza kuimaliza, reli haina hasara, safari ipitayo usiku mmoja, yafaa kuipima tena.

Tusisahau mizigo. Wengi wa watu wetu huenda Uhindi kupitia Addis Ababa, na tikiti ya nchi za mbali mara nyingi huruhusu masanduku mawili ya kilo 23. Lakini mtu akikata tikiti nyingine, peke yake, ya ndege ya ndani ya Uhindi, kwa kawaida ataruhusiwa kilo 15 tu za kupakiwa na 7 za mkononi. Kilo zilizozidi zalipiwa, na malipo yake si madogo. Katika gari la moshi, mwenye kitanda cha kawaida huruhusiwa kilo 40 bure. Kwa hiyo tikiti ya ndege iliyoonekana rahisi yaweza kuwa ghali kwa sababu ya sanduku la unga na nguo za baridi.

Sisi wenyewe tulikutana na swali hili tulipomsindikiza baba yetu mkubwa. Alikuwa na mawe katika figo, nayo yalimletea homa na maumivu makali. Fedha ya safari ilichangwa na ukoo mzima: mmoja aliuza ng'ombe, mwingine alitoa akiba ya mahari ya mwanawe. Wakati wa kupanga safari ya kutoka Delhi kwenda hospitali ya kusini, mama mkubwa alisema, «Pandeni gari la moshi. Fedha hii ni jasho la watu.» Mwana wake wa kwanza akajibu, «Mama, fedha hii ilichangwa ili baba apone, haikuchangwa ili irudi nyumbani.» Wote wawili walisema kweli, na hilo ndilo lililotutaabisha.

Tuliandika katika daftari safu mbili. Upande mmoja tuliweka bei ya watu wawili, mizigo na teksi. Upande wa pili tuliweka mambo yasiyo na bei: usiku mbili bila daktari wa karibu, choo kinachotikisika, homa iwezayo kupanda njiani. Tulipomaliza tuliona ya kuwa safu ya pili ndiyo nzito. Tulikwenda kwa ndege. Daktari wa nyumbani alikuwa ametupa cheti cha kusema mgonjwa aweza kuruka, nasi tuliomba kiti cha magurudumu siku ile ile ya kukata tikiti, jambo ambalo wengi hawajui ya kuwa laruhusiwa. Mama mkubwa hakufurahi, lakini alikubali.

Mzee alipasuliwa, akapona. Baada ya majuma kadhaa madaktari walimpa ruhusa ya kurudi, nayo tarehe ya ndege ya kwetu ilikuwa bado mbali. Tulimwuliza kama tukate tikiti ya ndege tena mpaka Delhi. Akasema, «Nilikuja katika nchi hii kama mzigo. Nataka kuondoka kama mtu.» Basi tukapanda gari la moshi katika Chennai, saa 4 usiku.

Yeye alipewa kitanda cha chini, kwa kuwa reli ile huwatengea wanaume wenye miaka 60 na zaidi, na wanawake wenye miaka 45 na zaidi, vitanda hivyo vikiwapo. Kitanda cha katikati hukunjwa mchana ili watu wapate kuketi. Kulipokucha tulikuwa tumekwisha kuvuka mto Krishna usiku. Asubuhi tukavuka Godavari, na mzee alihesabu nguzo za daraja mpaka hesabu ikampotea. Mashamba ya pamba yakapita, kisha misitu ya misaji, na alasiri tukafika Nagpur, mji ujulikanao kwa machungwa. Jamaa moja ya Kihindi iliyoketi nasi haikujua Kifaransa wala Kiswahili, lakini mchuuzi alipopita akiita «Chai! Chai!» hakuna aliyehitaji mkalimani. Mzee aliwaonyesha kovu lake, nao wakatikisa vichwa kwa upole. Tulifika Delhi alfajiri ya siku ya pili. Alishuka kwa miguu yake, akibeba mfuko wake mwenyewe.

Safari ilikuwa ile ile na watu wale wale. Lakini jibu la kwenda halikuwa jibu la kurudi. Hatukubadili shauri kwa sababu chombo kimoja ni kizuri na kingine kibaya. Hali ya msafiri ndiyo iliyobadilika. Katika mji wa Vellore, ambako Ida Scudder, binti wa wamisionari wa Kimarekani, alianza kutibu mwaka 1900 akiwa na kitanda kimoja tu, wagonjwa wengi huja kutoka Bengal kwa reli, wakishuka stesheni ya Katpadi. Hatuwezi kusema kwamba wamekosea. Kila mmoja alipima mwili wake na mfuko wake.

Anayechagua reli ajue mambo machache. Tikiti za vitanda zaanza kuuzwa siku 60 mbele, tangu Novemba 1, 2024. Kabla ya hapo zilikuwa siku 120. Katika njia kubwa huisha upesi. Atakayechelewa huandikwa katika orodha ya kungojea, na kuwa katika orodha si kuwa na kitanda. Wako pia wale ambao wawili hugawana kitanda kimoja wakiketi, mpaka mwingine avunje safari. Kuna tikiti za dharura ziitwazo Tatkal, zitolewazo siku moja kabla ya safari, lakini tangu mwaka 2025 kuzinunua kwa mtandao kwahitaji kitambulisho cha wakaaji wa Uhindi, ambacho mgeni wa kupita hana. Mgeni na atafute ofisi ya wasafiri wa kigeni katika stesheni ya New Delhi, akiwa na pasipoti. Tena anunue mnyororo na kufuli kufungia sanduku chini ya kitanda, kama wafanyavyo wenyeji.

Wala asidhani kwamba ndege haina mashaka yake. Bei ya tikiti zake hupanda karibu na sikukuu. Katika Desemba na Januari ukungu huifunika kaskazini, ndege zikazuiwa na magari ya moshi yakachelewa pia. Mwenye tarehe ya kuonana na daktari aache siku moja ya akiba, apande chombo chochote.

Wengine hutuuliza juu ya hatari. Tarehe 2 Juni 2023 magari matatu ya reli yaligongana katika Balasore, na watu zaidi ya 290 walikufa. Tarehe 12 Juni 2025 ndege ilianguka Ahmedabad mara baada ya kuruka. Katika watu 242 waliokuwamo alipona mmoja tu. Misiba yote miwili ilililiza taifa zima. Lakini kila siku mamilioni hupanda vyombo hivyo nao hufika salama. Hofu yaweza kutukumbusha kujihadhari, lakini haifai tuiachie ituchagulie.

Liko neno moja zaidi, nalo twalisema hasa kwa vijana waendao kusoma. Mohandas Gandhi, aliyepata kutupwa nje ya gari la moshi katika Pietermaritzburg mwaka 1893 kwa sababu ya rangi yake, aliporudi kwao kutoka Afrika ya Kusini mwaka 1915 alizunguka Uhindi katika daraja la tatu. Alitaka kuwajua watu wake. Mwaka 1917 aliandika juu ya taabu za abiria wa daraja lile. Kijana atakayekaa Uhindi miaka mitatu na kuruka kila likizo juu ya mawingu atarudi na shahada, naye hatajua nchi iliyomsomesha ilikuwa na sura gani. Likizo moja na apande reli. Muda anao, na mgongo wake una nguvu.

Basi, wazazi wapenzi, siku ukoo utakapokaa kuamua, msiulize kwanza, «Kipi ni cha upesi?» wala, «Kipi ni cha bei nafuu?» Ulizeni, «Ni nani asafiriye, naye yu hali gani?» Mkikwisha kulijibu hilo, andikeni safu mbili katika daftari, mhesabu safari nzima tangu mlango wa nyumba hata mlango wa hospitali au wa chuo. Nanyi wanafunzi, chukueni ramani darasani, mfuate kwa kidole reli itokayo Chennai, ipitayo Vijayawada, Nagpur, Bhopal na Agra, mpaka Delhi. Mtu wa makamo ya babu zenu aliipita njia hiyo, na hata leo huwasimulia wajukuu wake habari za daraja la Godavari.