Barua ya Mzee wa Shimo la Udongo

Neno lile nilikutana nalo Septemba 1996, kwenye karatasi iliyoandikwa kwa mkono. Nilikuwa mpiga taipu katika Chuo cha Diplomasia, Kurasini, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuchapa maelezo ya walimu kwenye stensili ili yakadurufiwe kwa ajili ya wanafunzi. Stensili haina msamaha. Ukikosea herufi unapaka dawa nyekundu, unapuliza mpaka ikauke, unagonga upya, na ukigonga kwa nguvu mno panatoboka, doa linatokea kwenye nakala zote. Kwa hiyo nilipofika kwenye maneno "Chiltern Hundreds" nilisimama. Mamia ya Chiltern? Mamia ya nini? Nikaichukua karatasi nikamfuata mwalimu.

"Mwalimu, hapa umeandika mamia. Ni watu au ni fedha?"

Akavuta kiti. "Kaa, dada. Wala si watu, wala si fedha."

Akanieleza kwamba kule Uingereza mbunge haruhusiwi kujiuzulu. Bunge lao liliazimia hivyo Machi 1624, enzi ambazo ubunge ulikuwa mzigo: safari ndefu kwa farasi, gharama juu yako, na shamba umeliacha nyuma. Aliyechaguliwa aliambiwa atumikie. Baadaye ukawekwa utaratibu mwingine, kwamba mbunge akipokea kazi ya malipo kutoka kwa Mfalme, kiti chake kinakuwa wazi, kwa sababu wabunge waliogopa Mfalme asije akawanunua wenzao kwa vyeo. Basi anayetaka kutoka akaupata upenyo hapo hapo: anaomba cheo. Anapewa usimamizi wa maeneo matatu ya vilima vya Chiltern, yaani Stoke, Desborough na Burnham, katika jimbo la Buckinghamshire. "Hundred" kumbe ni jina la kale la eneo la utawala, kitu kinachokaribiana na tarafa yetu. Cheo hakina ofisi, hakina mshahara, hakina hata mtu mmoja wa kusimamiwa. Waziri wa Fedha anatia saini, na mbunge si mbunge tena. John Pitt ndiye aliyeutumia mlango huo kwanza, mwaka 1751. Siku hizi unapokezana na mlango wa pili, usimamizi wa milki ya Northstead kule Yorkshire, na sheria yao ya 1975 imevitaja vyeo vyote viwili kwa majina.

"Kwa hiyo mtu anaingia kazini ili atoke kazini?"

"Ndivyo."

Wanafunzi walipofundishwa somo lile kesho yake darasa liliangua kicheko. Nilikisikia mpaka kwenye chumba changu cha mashine. Mimi sikucheka. Niliona chini ya mzunguko ule wote kuna wazo la heshima: mtu aliyetumwa na watu hawezi kuutua mzigo njiani akaenda zake. Lazima apite mahali, aulizwe jina, iandikwe.

Nilikuwa na sababu ya kulitia jambo hilo moyoni. Wiki zile Temeke yote ilikuwa kwenye kampeni. Kiti chetu kilikuwa kimebaki wazi kabla haujatimia hata mwaka tangu uchaguzi mkuu wa 1995, ule ambao Dar es Salaam tulipiga kura mara mbili: Oktoba 29 kura zikafutwa kwa vurugu za vifaa na vituo, tukarudi Novemba 19. Sasa tunaitwa mara ya tatu, Oktoba 6, 1996. CCM ilimsimamisha Abdul Cisco Mtiro. NCCR-Mageuzi ilimleta Augustine Mrema.

Vijana wa leo wanamkumbuka Mrema wa uzeeni. Sisi tulimjua yule wa Wizara ya Mambo ya Ndani, aliyekuwa akimpa mtu siku saba, na wizi au dhuluma ikajirekebisha ndani ya hizo siku saba. Februari 1995 Rais Mwinyi alimwondoa katika Baraza la Mawaziri. Mrema akatoka CCM, akaingia NCCR, na kwa kuacha chama akaacha pia kiti cha Moshi Vijijini. Akagombea urais, watu wakalisukuma gari lake kwa mikono barabarani kana kwamba injini ni dhambi. Alipata zaidi ya robo ya kura zote na akashindwa na Mkapa. Sasa yuko Kilwa Road, kwenye kipaza sauti, anatuomba sisi ubunge.

Nilipanga chumba Shimo la Udongo, kwa mzee mmoja mstaafu wa bandari. Alikuwa kuli tangu enzi za mkoloni, mabega yake yalikuwa hayalingani, la kulia limeshuka kwa magunia. Jioni alikaa barazani, upepo unaleta harufu ya mafuta kutoka kwenye matangi, magari makubwa yanapiga honi kwenda bandarini. Alikuwa na kopo la maziwa la zamani, na humo aliweka vitu viwili: kadi yake ya TANU, na kadi ya CCM aliyoipokea baada ya vyama kuungana Februari 5, 1977. Zote amezifunga kwa nailoni. Kurasa za ada zimejaa, hazina pengo.

Nilimsimulia habari za vilima vya Chiltern. Akasikiliza bila kunikatiza, kisha akauliza swali ambalo mwalimu hakuulizwa na mwanafunzi yeyote.

"Na huyu mbunge wa Kizungu akitoka kwa hicho cheo cha jina, chama chake kinasemaje?"

"Chama hakihusiki, baba. Akitaka anahamia chama kingine, anabaki na kiti."

Akanyamaza kitambo. "Hapa kwetu?"

Hapa kwetu nilijua, kwa sababu nilikuwa nimeshachapa ukurasa uliofuata. Mbunge wa Tanzania anaweza kujiuzulu kwa barua yenye saini yake, akampelekea Spika, yakaisha. Lakini upo mlango mwingine, mpana zaidi: Katiba inasema mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichomsimamisha, ubunge wake umekoma. Akitoka mwenyewe, akifukuzwa, ni mamoja. Na huwezi kugombea bila chama. Mwaka 1993 Mchungaji Christopher Mtikila alikwenda Mahakama Kuu kule Dodoma kudai haki ya mgombea binafsi, Jaji Lugakingira akampa mwaka 1994, na mwaka huohuo Bunge likabadilisha Katiba kuufunga mlango. Wakenya walituonyesha njia mapema: mwaka 1966, Jaramogi Oginga Odinga na wenzake walipotoka KANU kuunda KPU, Katiba ilibadilishwa haraka wakalazimishwa kurudi kwa wapiga kura.

Kwa hiyo na sisi tuna cheo chetu cha kutokea. Waingereza wana vilima vya Chiltern, sisi tuna kadi. Kuirudisha kadi ndiyo sherehe yetu. Mtu anaiinua juu mbele ya kamera, anamkabidhi mwenyekiti, anavalishwa shati la rangi nyingine, na wale waliompangia foleni alfajiri hawamo kwenye picha.

Oktoba 6 ilikuwa Jumapili. Tulitoka na mzee kabla ya jua, yeye na kanzu na koti, mimi na kitenge. Foleni ilizunguka shule. Alipotoka kwenye kile kibanda cha kadibodi alikuwa anakiangalia kidole chenye wino kama anayetazama iwapo kinauma. Tulipofika nyumbani akafunga mlango wa uani.

"Mwanangu, hili ni kati yako na mimi. Kadi yangu ni ya CCM na nitazikwa nayo. Kura nimempa Mrema."

"Kwa nini, baba?"

"Kwa sababu nilikuwa nampa kura mtu. Chama nilishakipa kadi."

Mrema alishinda. Usiku ule Temeke haikulala. Madumu na masufuria yalipigwa mpaka Mivinjeni. Mzee hakutoka nje, alikaa na redio yake, lakini alinikaangia samaki mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Halafu ikaja 1999. Ndani ya NCCR viongozi walikuwa wamegombana kwa muda mrefu, mahakama kwa mahakama, na Mrema akaondoka kwenda TLP. Alikuwa na sababu zake, na sitaki kuzihukumu. Lakini kwa Katiba yetu kuhama kule kulikuwa ni kuacha kiti. Temeke ikabaki bila mtu tuliyemchagua, na hakuna aliyetuuliza.

Mzee alinisubiri barazani nikitoka kazini. Sijavua hata viatu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mashine yako ya kazini inaandika na barua za watu?"

"Inaandika."

"Basi kesho niandikie moja. Ya Spika."

Niliichapa saa ya chakula, kwa karatasi ya kaboni, nakala mbili. Nilikuwa nimezoea lugha ya ofisi, nikaanza na "husika na kichwa cha habari hapo juu". Alipoiona akataka niyaondoe yote, nibaki na maneno yake tu, kama alivyoyasema jana yake usiku. Nikaichapa tena. Ilisema hivi: *Mheshimiwa Spika, mimi ni mpiga kura wa Temeke. Tarehe 6 Oktoba 1996 nilimpa kura mtu. Mtu huyo ametoka kwenye chama chake. Mimi sijatoka popote. Naomba kuarifiwa kura yangu imewekwa wapi.*

Alijua kuandika jina tu, lakini alichagua kuweka dole gumba. Nikamletea kidau cha wino wa mihuri. Alibonyeza taratibu, akainua, akaangalia mistari ya kidole chake ilivyotokea.

"Nikaipeleke posta, baba?"

Akafikiri. "Watauliza hii barua ni ya chama gani." Akaikunja, akaitia kwenye kopo pamoja na kadi zake.

Baada ya hapo niliziona habari nyingi za wabunge kuacha viti. Mwaka 2011 Rostam Aziz alijiuzulu ubunge na nafasi zake katika CCM, Igunga ikaenda kwenye uchaguzi mdogo. Mwaka huohuo Gerry Adams wa Sinn Féin alimwandikia Spika wa London barua ya moja kwa moja kwamba anajiuzulu. Wakampa usimamizi wa Northstead, yeye akasema hakuomba cheo chochote cha Malkia. Hata mtu asiyeutambua utawala wa Malkia walimpitisha mlangoni kwake, ili desturi isivunjike. Juni 14, 2013, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha iliamua kwamba Tanzania ilikiuka haki za Mtikila kwa kumzuia mgombea binafsi. Siku ile nilifurahi peke yangu jikoni. Sheria haikubadilika, na Mtikila alifariki Oktoba 2015.

Inayoniuma mpaka leo ni ya Kinondoni. Desemba 2017 Maulid Mtulia aliyechaguliwa kwa CUF aliacha chama na kiti, akajiunga na CCM kumuunga mkono Rais, na Februari 17, 2018 akachaguliwa tena mbunge wa jimbo lilelile. Mtu yuleyule, kiti kilekile. Siku moja kabla ya kura, polisi walipokuwa wakiwatawanya waandamanaji wa Chadema, risasi ilimkuta Akwilina Akwilini, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, akiwa amekaa ndani ya daladala. Hakuwa anaandamana. Akafa. Wanaosema taratibu za kutoka bungeni ni mambo ya karatasi na saini, nataka wamkumbuke yule binti kwenye kiti cha daladala.

Nyumba ya Shimo la Udongo haipo tena. Mzee alitangulia kabla haijabomolewa, na alizikwa kama alivyotaka, kadi ya CCM mfukoni mwa koti lililowekwa juu ya jeneza, ingawa shehe hakupenda. Binti yake alipohama aliniletea lile kopo. Alisema baba aliagiza lije kwa yule mama wa taipu.

Kadi ya TANU imo. Barua imo, nakala ya juu na ya kaboni, zimeshikana kwa joto la miaka. Wino wa mashine bado mweusi. Lile dole gumba limefifia likawa rangi ya chai, lakini ukiliweka dirishani mchana, mistari yote inahesabika.