Kijiko cha Safarini

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Kwa miaka mingi tuliifundisha methali hii darasani bila kuitilia shaka, na kila tulipomwona mwenzetu dukani akikigeuzageuza kijiko kana kwamba ananunua saa ya dhahabu, tulicheka kimoyomoyo. Kijiko ni kijiko, tulisema. Kinachotakiwa ni chakula. Leo twaandika kuungama kwamba tulikosea, na kwamba kosa letu nusura ligharimu uhai wa mwana wa mtu.

Sisi tunasomesha Kiswahili katika shule ya sekondari magharibi mwa Uganda. Tangu mwaka 2014 tumekuwa na desturi ya kuwachukua wanafunzi wachache, wakati wa likizo, hadi ufuoni mwa Ziwa Albert, ambako hupiga mahema kwa siku tano au sita na kukusanya maneno ya wavuvi: sehemu za mtumbwi, aina za nyavu, majina ya pepo na ya samaki. Mahali pale ni hazina kwa mwalimu wa lugha. Ziwa hilo limegawanywa baina ya Uganda na Kongo, na katika mialo yake Waaluri, Wagungu, Wanyoro na Wakongo huuziana samaki kwa Kiswahili ambacho hakikupita katika darasa lolote. Mwanafunzi aliyezoea kukiona Kiswahili ubaoni hustaajabu anapokikuta kikipara samaki na kudai madeni.

Kabla ya safari ya kwanza tuliandika orodha ya vitu ambavyo kila mwanafunzi alipaswa kuja navyo. Ilianza na kamusi, zikafuata daftari mbili, kalamu, blanketi, chandarua, sahani na kikombe. Kijiko hakikuwamo. Tulipopakua chakula cha kwanza, wali kwa maharage yenye mchuzi mwingi, ilionekana kwamba watu tisa tulikuwa na vijiko vitatu. Hatukuona neno. Tulikula kwa zamu. Aliyemaliza alikwenda kukisuuza kijiko ziwani, akampa mwenzake.

Usiku wa tatu msichana mmoja wa kidato cha pili alishikwa na kuhara na kutapika. Kabla ya alfajiri macho yake yalikuwa yamezama na hakuweza tena kusimama. Tulimpakia kwenye pikipiki, katikati ya dereva na sisi, tukampeleka kituo cha afya. Muuguzi alimtundikia maji, kisha akatuuliza maswali mawili: mnakunywa maji gani, na mnalia nini chakula chenu? Maji ya kunywa tulikuwa tukiyachemsha. Swali la pili tulilijibu tukiwa tumeinamisha vichwa. Hatuwezi kuapa kwamba kijiko ndicho kilichomwambukiza. Walakini pwani zile zajulikana kwa kipindupindu, na baadaye, mwaka 2018, maradhi hayo yaliwaua makumi ya watu upande huu wa ziwa, wengi wao wakiwa wakimbizi waliovuka kutoka Kongo. Sisi tulijaliwa. Msichana alipona.

Mama yake alipokuja kumchukua hakutugombeza. Aliomba aione ile orodha, akaisoma kwa utulivu hadi mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, kamusi imo." Hakuongeza neno.

Kuanzia siku hiyo tulijiingiza katika utafutaji ambao wenzetu wa chumba cha walimu waliufanyia mzaha mwingi. Tulitaka chombo cha kulia kitakachodumu, kitakachobebeka, na kitakachofaa kwa kazi zaidi ya moja. Tamaa yetu ya kwanza ilikuwa kupata kitu kimoja chenye kila kitu ndani yake: kijiko, uma na kisu. Tamaa hiyo si ngeni duniani. Katika jumba la makumbusho la Fitzwilliam, mjini Cambridge, Uingereza, kuna kifaa cha Warumi cha karne ya 3, cha fedha na chuma, chenye kijiko, uma, kisu na vijembe vingine vinavyokunjwa pamoja. Huko Marekani, mwaka 1874, Samuel W. Francis alipewa hataza ya chombo kilichounganisha kijiko, uma na kisu. Siku hizi kijiko chenye meno kwenye ncha yake chauzwa katika maduka ya vifaa vya wasafiri, nacho ndicho tulichonunua kwanza, cha plastiki.

Wanafunzi walikifurahia, hasa kwa kuwa hakikuwa na jina la Kiswahili. Mmoja alipendekeza "kijikouma", mwingine "kichotachoma" kwa sababu huchota na kuchoma, na wa tatu akasema tukiite "kijiko cha meno" ili hata bibi yake aelewe. Mjadala ulipamba moto kupita somo lolote tulilowahi kuliandalia mpango. Jina lilipokuwa bado linatafutwa, chombo chenyewe kilivunjika shingo ndani ya ugali uliopoa, nacho kilikuwa hakijatimiza wiki mbili. Hata kabla ya kuvunjika kilikuwa kimetuchosha: mchuzi ulipita katikati ya meno yake, na meno yenyewe yalikuwa mafupi mno kushika kipande cha nyama.

Tulinunua cha pili, cha chuma, ambacho kijiko, uma na kisu chake vilikunjwa katika mpini mmoja. Hiki kilikuwa imara, lakini maungio yake yaligeuka kuwa ghala la makombo. Kila jioni tulichokoa uji mkavu kwa kijiti, na tulijua kwamba ndani kabisa, mahali kijiti kisipofika, kulikuwa na mabaki ya juzi. Tulimkumbuka muuguzi na maswali yake. Aidha, huwezi kukata kwa kisu na kushika kwa uma ikiwa vyote viwili vimefungwa katika mpini mmoja. Mtaka yote hukosa yote.

Basi tuliacha kuuliza chombo kina sehemu ngapi, tukaanza kuuliza kimetengenezwa kwa nini. Kijiko cha mti ni kitamu mdomoni na hakiunguzi, lakini hunywa maji, na katika hema lenye unyevu hakikauki upesi. Kijiko cha aluminiamu ni chepesi, uzito wake ukiwa kama theluthi moja tu ya chuma, na bei yake ni nafuu. Lakini hupinda, hupata moto upesi, na hakipendi ukwaju wala ndimu. Kijiko cha titaniamu ni chepesi, hakishiki kutu wala hakipindi ovyo. Lakini bei yake ni ya kumfanya mwanafunzi akilinde usiku kucha badala ya kulala.

Kikabaki kile tulichokidharau: kijiko cha kawaida cha mezani cha chuma cha pua kisichoshika kutu. Chuma cha namna hii kilipata sifa tangu mwaka 1913, Harry Brearley alipokuwa akifanya majaribio yake mjini Sheffield, Uingereza. Siri yake ni kromiamu, ambayo hukifunika chuma kwa utando mwembamba usioonekana, na utando huo ukikwaruzwa hujirudisha wenyewe. Ukiona nyuma ya mpini pamepigwa chapa ya 18/8, maana yake ni asilimia 18 ya kromiamu na asilimia 8 ya nikeli. Sokoni sisi huenda na sumaku ndogo. Kijiko cha 18/8 hakivutwi na sumaku, au huvutwa kidogo sana. Kisicho na nikeli hunaswa mara moja, nacho hustahimili kutu kwa kiasi kidogo zaidi. Kisha twakibonyeza shingoni kwa kidole gumba: kikikubali kupinda dukani, hakitaugusa ugali wetu. Twapitisha kidole ukingoni kuona kama kina makali yatakayoukata mdomo. Mwisho twahakikisha kwamba ni kipande kimoja tangu ncha hadi mpini, bila misumari wala maungio.

Kijiko cha namna hiyo, kisichojidai kwa lolote, ndicho kilichotufanyia kazi nyingi kuliko vyote. Hukoroga uji, hukwangua magamba ya samaki, hufungua mfuniko wa kopo la majani ya chai, hufukua shimo dogo la kigingi cha hema ardhi inapokuwa laini. Huchemshwa ndani ya sufuria pamoja na wenzake kila jioni bila kulalamika. Toboa tundu mwishoni mwa mpini, tia uzi wa rangi, na kila mwenye kijiko atakijua chake.

Pamoja na hivyo vikubwa, hubeba kijiko kidogo cha chai katika sanduku la dawa, nacho hakiruhusiwi kugusa chakula. Kazi yake ni kupima. Vijiko sita vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chumvi, katika lita moja ya maji safi: hicho ndicho kinywaji cha kumrudishia mgonjwa wa kuhara maji aliyoyapoteza, wakati anapopelekwa hospitali. Chumvi isizidi, kwani ikizidi humdhuru. Usiku ule wa kwanza hatukukijua kipimo hiki, wala hatukuwa na cha kupimia.

Hivyo katika safari ya mwaka 2015 kila mmoja alikuwa na kijiko chake chenye uzi wa rangi yake, nasi tulijiona tumehitimu. Msichana yule aliyeugua alikuja tena, sasa yu kidato cha tatu. Siku ya nne bibi mmoja mzee, aliyezaliwa ng'ambo ya Kongo na kuolewa upande huu, alitukaribisha nyumbani kwake. Tulikuwa tumemwomba atufundishe maneno ya jikoni na ya kula. Alitandika mkeka, akaleta sinia moja kubwa ya bugali wa muhogo, bakuli la sombe, ambayo wengi wetu twaijua kwa jina la kisamvu, na samaki wadogo waitwao muziri. Mjukuu wake akasimama na birika la maji na beseni.

Kwa mkupuo mmoja tulichomoa vijiko vyetu tisa.

Bibi alivitazama. Hakukasirika, ila alinyanyuka, akaiondoa ile sinia, akarudi na visahani ambavyo bila shaka aliviazima kwa jirani, akamgawia kila mtu fungu lake. Kisha akaketi kando. Tulipouliza jina la hiki na la kile, alijibu kwa neno moja moja, kama mtu anayejibu karani. Daftari zetu zilibaki nyeupe. Tulikuwa tumeingia nyumbani mwa mtu tukiwa na silaha mkononi, tukamwambia, bila kusema, kwamba sinia yake twaiogopa.

Aliyetuokoa ni yule msichana, ambaye kuliko sote alikuwa na haki ya kuogopa. Alikifunga kijiko chake katika kitambaa, akatoa kipande cha sabuni, akamwendea mjukuu na kunawa mikono yote miwili hadi viwiko. Kisha akachukua kisahani chake, akaenda kuketi karibu na bibi, akamwomba wale pamoja. Chakula kilikuwa bado kinafuka moshi. Bibi akamwangalia, akacheka, akasema, "Kula, mtoto yangu." Upatanisho wake ulikuwa wa ng'ambo ile ya ziwa; kwa mara ya kwanza katika maisha yetu ya kazi hatukuwa na hamu ya kusahihisha.

Alimfundisha kumega, kulifinyanga tonge, kulibonyeza katikati kwa kidole gumba mpaka likafanya shimo, kutowea sombe kwa shimo hilo. Alieleza kwamba hicho ndicho kijiko chake yeye, nacho hakina haja ya kuoshwa kwa kuwa huliwa pamoja na chakula. Sisi wengine tuliviweka vijiko, tukanawa kwa zamu, tukasogea. Jioni ile tuliandika maneno mengi kuliko siku zote tatu zilizotangulia, na mengine hayamo katika kamusi yoyote tuliyobeba.

Walimu wenzetu wajua kwamba kijiko, kwa asili yake, ni udogo wa mwiko, na kwamba mwiko ni mti wa kusongea na pia ni katazo. Tumeifundisha maana hiyo ya pili mara nyingi kama jambo la msamiati. Mkekani pa yule bibi tuliikuta ikiwa na uzito mwingine. Kijiko kizuri ni kile usichoogopa kukitumia mbele ya ugonjwa, wala usichoona haya kukiweka mfukoni mbele ya mwenyeji. Wala hatusemi kwamba usafi uachwe kwa ajili ya adabu: mkono ulionawishwa kwa sabuni ni safi kuliko kijiko kilichosuuzwa ziwani, na hilo twalijua kwa uchungu.

Orodha yetu ya siku hizi haianzi tena na kamusi. Inaanza hivi: kijiko kimoja cha chuma cha pua, na kipande cha sabuni. Vyote viwili viko katika mstari mmoja, na mzazi hutia saini chini yake. Kamusi ipo, nambari ya sita.

Tungefurahi iwapo walimu wa sehemu nyingine wangetuandikia majina ya vyombo vya kulia na ya vitendo vya mkono mezani kama yatumikavyo kwao. Na mwenye jina zuri la kile kijiko chenye meno asituache gizani. Mjadala wa wanafunzi wetu haujafungwa bado.