Kim Milioni Kumi

Sensa ya 2015 iliwakuta akina Kim zaidi ya milioni 10 Korea Kusini: kila watu watano, mmoja Kim! Wote babu mmoja? Wapi! Zamani makabwela na watumwa wengi hawakuwa na jina la ukoo. Wenye vijisenti walinunua kitabu cha nasaba. Wengine walipata jina 1909, serikali ilipoanza kuandikisha kila mtu. Kromosomu Y humfuata baba kama jina, ila hainunuliki. Hata hivyo sheria ilimkataza Kim wa Gimhae kumwoa Kim wa Gimhae, mpaka Mahakama ya Katiba ilipoikataa 1997. Wapenzi wangapi walitenganishwa na karatasi? Nauliza, jamani, maana bibi yangu naye kanikanya: binti wa ukoo wetu ni dada yako. Bibi nampenda. Lakini huo udugu ni damu, au jina tu?